Poda iliyogeuka tofali: kisa cha dondoo ya rosela

Kopo lililoletwa mezani kwangu liliandikwa "poda, gramu 500", lakini ndani hapakuwa na poda. Palikuwa na tofali. Nililigonga kwa mpini wa bisibisi likalia kama ubao mkavu. Rangi yake ilikuwa kahawia iliyokaribia weusi, ilhali kilichotiwa humo wiki nane nyuma kilikuwa poda nyekundu, laini, inayomiminika bila kushikana. Pamoja na kopo nilipewa karatasi ya maabara. Karatasi ilisema jumla ya fenoli, kundi la kemikali za mimea, imepungua kwa asilimia 4 tu, kiasi ambacho kipimo chenyewe kinaweza kukosea. Kwa lugha nyepesi, maabara ilikuwa inasema mali ni nzima.

Jicho lasema hili, karatasi yasema lile. Nilichoombwa ni kueleza kilichotokea, kisha niseme awamu ijayo ikaushwe kwa moto mdogo kiasi gani, maana wote walishakubaliana kwamba mhalifu ni moto. Walikosea. Lakini walikosea kwa njia ambayo mtu mwenye akili timamu angekosea, ndiyo maana nakieleza kisa chote badala ya kutoa jibu peke yake.

Mali ilivyotengenezwa

Mmea ni rosela, Hibiscus sabdariffa. Kinachotumika ni vile vikombe vyekundu vinavyobaki vimelikumbatia tunda baada ya ua kunyauka. Wekundu wake ni wa anthosayanini, kundi la fenoli ambalo katika rosela linaongozwa na mbili: moja imejengwa juu ya delfinidini, nyingine juu ya sayanidini, na zote zimebeba sukari iitwayo sambubiosi. Hizo ndizo antioksidanti (kemikali zinazozuia uharibifu unaoletwa na oksijeni) ambazo mnunuzi alizitaka, na bahati njema ni kwamba zinaonekana kwa macho. Antioksidanti nyingi hufa kimya kimya. Hizi zikifa, rangi inakuambia.

Vikombe vikavu, kilo moja kwa lita kumi za maji, viliwekwa kwenye maji ya nyuzi 55 (nyuzi zote humu ni za Selsiasi) kwa saa moja, vikachujwa, ikapatikana dondoo yenye mango (yaani vitu vinavyobaki maji yakiondoka) yapata asilimia 5. Asidi yake ilikuwa kali, pH ya 2.5 hivi (pH ni kipimo cha asidi; namba ikiwa ndogo, asidi ni kali). Dondoo ikachanganywa na maltodekstrini, ambayo ni wanga uliokatwakatwa vipande vifupi, kisha ikapelekwa kwenye mashine ya kukausha kwa kunyunyiza. Pampu inasukuma mchanganyiko hadi kwenye nozeli, nozeli inaupasua kuwa matone madogo kuliko ukungu wa manukato, matone yanakutana na hewa ya moto, na kabla hayajafika chini yamekuwa chembe kavu. Chembe zinapita kwenye saikloni, chombo kinachozungusha hewa ili kuzitenga nayo, zinaangukia kwenye chupa ya kukusanyia, na hewa yenye mvuke inatoka upande mwingine. Kazi hii si ngeni. Samuel Percy alipata hataza yake Marekani mwaka 1872.

Kwa miezi kadhaa kikundi kilichotengeneza poda hii kilitumia sehemu tatu za maltodekstrini kwa sehemu moja ya mango ya dondoo. Hewa iliingia ikiwa na nyuzi 170. Poda ilitoka vizuri na hakuna aliyelalamika. Kisha mnunuzi akasema anataka poda yenye nguvu zaidi, halipi gharama ya kusafirisha wanga. Hoja ya haki kabisa. Kikundi kikapunguza maltodekstrini hadi sehemu moja kwa moja. Kwa hesabu ya karatasini, kila gramu sasa ingebeba dondoo maradufu, kutoka robo ya uzito hadi nusu.

Awamu ya kwanza ya mchanganyiko mpya ilitia ukuta wa mashine utando mwekundu unaonata. Karibu nusu ya mali ilibaki ukutani, ikabidi ioshwe na kumwagwa. Fundi wa mashine aliuangalia ule utando, akaona kingo zake zimekuwa nyeusi, akasema kile ambacho yeyote angesema: inaungua. Akashusha hewa ya kuingilia hadi nyuzi 140. Kunata hakukuisha, ila poda iliyopatikana ilikuwa na wekundu wa kupendeza mno, pengine kuliko ya zamani. Watu wakapongezana. Ikatiwa kwenye makopo ya plastiki angavu yenye vifuniko vya kuzungusha, ikapangwa rafuni. Wiki nane baadaye ikawa tofali.

Je, rangi imejificha au imekufa?

Kabla ya kumshtaki yeyote lazima ujue kama kuna maiti. Anthosayanini hubadilika rangi kwa asidi. Chini ya pH 3 ni nyekundu. Ikifika 4 au 5 nyingi yake inageuka umbo lisilo na rangi, na ikipanda zaidi inaelekea ubluu na baadaye umanjano. Kwa hiyo poda iliyopoteza wekundu yaweza kuwa imebadilika umbo tu, na ukiirudishia asidi rangi inafufuka. Au yaweza kuwa imekatika kabisa, na hapo hata ukiimwagia asidi yote ya maabara hairudi.

Kipimo kinachotenganisha hayo mawili ni cha bei nafuu na kimetumika miaka mingi. Sampuli inayeyushwa kwenye maji ya pH 1.0 na nyingine ya pH 4.5, zote mbili zinasomwa kwenye spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga unaonyonywa na sampuli, kwa urefu wa mawimbi wa nanomita 520 na 700, kisha unatafuta tofauti. Kusoma 700 ni kwa ajili ya kuondoa ukungu wa maji. Uzuri wake ni kwamba vitu vya kahawia vinavyozaliwa kutokana na kuharibika havibadiliki sana kati ya pH hizo mbili, hivyo vinajitoa vyenyewe kwenye hesabu. Kinachobaki ni anthosayanini iliyo hai.

Nikahitaji kitu cha kulinganisha nacho, na hapa fundi aliniokoa. Alikuwa na tabia ya kuweka kifuko kidogo cha kila awamu kwenye friza siku ileile ya kukausha. Hakuna aliyemwagiza. Bila vifuko hivyo ningeishia kubahatisha.

Tofali lilikuwa na asilimia 27 ya anthosayanini iliyokuwa kwenye kifuko chake. Kopo la poda ya zamani, ile ya tatu kwa moja, lililokaa rafu hiyohiyo miezi mitano, lilikuwa bado na asilimia 71. Maiti ilikuwepo, basi. Na poda dhaifu ya zamani ikawa sasa na anthosayanini nyingi kwa kila gramu kuliko ile yenye nguvu: robo ya uzito mara 71 ni kama 18, nusu ya uzito mara 27 haifiki 14. Mnunuzi alikuwa amelipia nguvu maradufu akapewa pungufu.

Karatasi iliyodanganya bila kusema uongo

Sasa ile asilimia 4. Maabara ilitumia njia ya Folin na Ciocalteu, ambayo asili yake ni ya mwaka 1927, na namna inavyotumika leo kwa mimea inatokana na marekebisho ya Singleton na Rossi ya 1965. Dawa ya manjano inatiwa kwenye sampuli, fenoli zinaigeuza bluu, bluu inasomwa kwenye nanomita 765, na jibu linatolewa kana kwamba kila kitu kilichosababisha bluu ni asidi ya galiki.

Tatizo liko kwenye maneno "kila kitu". Dawa hii haiulizi jina. Vitamini C inaigeuza bluu, baadhi ya sukari zinaigeuza bluu, na vitu vya kahawia vinavyotokana na sukari kuungana na asidi amino navyo vinaigeuza bluu. Kisha kuna jambo ambalo kila nikilikumbuka linanichekesha: anthosayanini ya sayanidini ikivunjika, moja ya vipande vyake ni asidi ya protokatekuiki, na ile ya delfinidini ikivunjika inatoa asidi ya galiki yenyewe. Yaani kipimo kinahesabu vipande vya mfu kama mtu mzima, na kimojawapo ya vipande hivyo ndicho kilichotumika kama rula. Maabara haikufanya kosa lolote la mkono. Iliulizwa swali baya, ikajibu kwa uaminifu.

Walikuwa pia na majibu ya DPPH, ile rangi ya zambarau inayofifia ikikutana na antioksidanti, na kwa mshangao wao tofali lilionekana kufanya vizuri kidogo kuliko poda mpya. DPPH husomwa kwenye nanomita 517. Anthosayanini nyekundu hunyonya mwanga karibu palepale, 520. Sampuli nyekundu inaweza kuongeza rangi kwenye kipimo kinachotafuta upungufu wa rangi, hivyo ikaonekana dhaifu kuliko ilivyo. Ukiua wekundu, kikwazo kinaondoka, na mfu anapanda alama. Usipotoa kwanza usomaji wa sampuli peke yake bila DPPH, usiliamini jibu lolote la mmea wenye rangi nyekundu. Nisemavyo mimi ni kwamba namba moja ya "nguvu ya antioksidanti" haitoshi kulinda wala kuuza chochote. Idara ya Kilimo ya Marekani iliondoa hazina yake ya takwimu za ORAC, kipimo kingine cha nguvu ya antioksidanti, mwaka 2012 kwa sababu zinazofanana na hizo: namba zilikuwa zikitumiwa kudai mambo ambayo hazikupima.

Moto haukuwa mhalifu

Mtu akisikia hewa ya nyuzi 170 anawaza sufuria. Lakini tone lenye maji juu yake haliwi na joto la hewa inayolizunguka. Maji yanapotoka kuwa mvuke yanachukua joto, na tone linabaki na ubaridi wa jasho linalokauka. Katika mashine za namna hii ni nyuzi 40 au 50 hivi kwa muda wote ambao uso wake bado una maji. Ni mwishoni tu, ganda likishakauka, ndipo joto la chembe linapanda, na wakati huo hewa nayo imeshapoa. Joto ambalo chembe kavu inalikaribia ni lile la hewa inayotoka. Safari nzima inachukua sekunde kadhaa.

Kwa hiyo namba ya kuandika daftarini ni joto la kutokea. Nilipofungua daftari la kikundi nikakuta safu ya joto la kuingilia, safu ya kasi ya pampu, safu ya uzito wa poda, na hakuna safu ya joto la kutokea. Kipimajoto kilikuwepo kwenye mashine, kinaonyesha namba kila siku, na hakuna aliyeiandika. Ilibidi turudie: mchanganyiko wa moja kwa moja, kasi ileile ya pampu, hewa ya 140. Ya kutokea ikasimama kwenye 66. Mchanganyiko wa zamani kwa 170 ulitoa 87.

Nyuzi 66 si moto mdogo unaohifadhi. Ni hewa iliyoshiba mvuke, isiyoweza kuchukua maji ya mwisho. Tena kuna jambo ambalo halikuhesabiwa: walipopunguza maltodekstrini bila kubadili pampu, mango yote ya mchanganyiko yalishuka kutoka asilimia 17 hivi hadi karibu 10. Kila lita sasa ilikuwa na maji zaidi ya kukaushwa na wanga kidogo wa kukauka. Walishusha moto siku ambayo kazi ya moto ilikuwa imeongezeka.

Maji yaliyobaki ndani ya poda tuliyapima kwa njia ya Karl Fischer, inayotumia dawa inayomenyuka na maji, maana tanuri la kawaida la nyuzi 105 huchoma sukari na kuhesabu moshi wake kama maji. Poda ya zamani ilikuwa na asilimia 2.9. Tofali, 6.8. Na kifuko cha friza cha tofali hilohilo: 6.4.

Namba hiyo ya mwisho ndiyo iliyoufunga mjadala. Kabla yake nilikuwa nimeelekeza macho kwenye makopo. Nilidhani unyevu umepenya kwenye vifuniko. Kifuko cha friza kikasema hapana, poda ilizaliwa na maji hayo. Kopo liliongeza maji kidogo tu.

Kioo na ulegevu wake

Hapa ndipo uchambuzi wote umeegemea, nitakaa kidogo.

Tone likikauka upesi, sukari na asidi zake hazipati nafasi ya kujipanga kuwa fuwele. Zinaganda zilivyo, ovyo, kama kioo cha dirisha kinavyoganda. Katika hali ya kioo hakuna kinachosogea: oksijeni inapenya kwa shida, molekuli hazikutani, anthosayanini imefungwa ndani ya wanga kama mdudu ndani ya utomvu ulioganda. Lakini kila kioo cha namna hii kina joto lake la kulegea. Ukilivuka, kigumu kinakuwa kama ulimbo. Ukilivuka kwa nyuzi 10 hadi 20, chembe zinaanza kunata. Ukikaa juu yake wiki nyingi, chembe zinaungana kuwa bonge moja na kila mmenyuko uliokuwa umelala unaamka.

Maltodekstrini ya vipande virefu inalegea kwenye nyuzi 160 hivi ikiwa kavu. Sukrosi, 62. Glukosi, 31. Fruktosi, 5. Asidi za matunda ni mbaya zaidi: ya sitriki iko karibu na fruktosi, ya maliki iko chini kabisa ya sifuri. Rosela ina asidi nyingi na sukari ndogo ndogo, hivyo dondoo yake peke yake ni kitu kinachotaka kuwa gundi. Na maji yanalegea kwenye karibu nyuzi 135 chini ya sifuri, ndiyo maana maji kidogo tu yanashusha mchanganyiko wote vibaya. Asilimia moja ya ziada huondoa nyuzi kadhaa, mara nyingine zaidi ya kumi.

Nilifanya makadirio kwa mlinganyo wa Gordon na Taylor, unaokadiria joto la kulegea la mchanganyiko, nikichukulia kwamba mango ya dondoo yakikauka yanalegea kwenye nyuzi 20. Ni makadirio, si kipimo, lakini yanatosha kuona sura ya jambo. Mchanganyiko wa zamani ukiwa na asilimia 3 ya maji unalegea kwenye 80 hivi. Hewa ya kutokea ilikuwa 87, tofauti ndogo, hivyo poda haikunata ukutani. Na rafuni kwenye nyuzi 28 ilikuwa mbali kabisa na hatari. Mchanganyiko mpya ukiwa na maji hayohayo unalegea kwenye 48. Kwa hewa ya kutokea ya 87 lazima unate: chembe inagonga ukuta ikiwa nyuzi karibu 40 juu ya ulegevu wake. Kumbe kile fundi alichokiita kuungua kilikuwa ulimbo. Weusi wa kingoni ulitokea baadaye, baada ya utando kukaa ukutani saa nzima ukipigwa na hewa.

Kisha akashusha moto, maji yakapanda hadi asilimia 6.4, na joto la kulegea likaanguka hadi nyuzi 22 au karibu na hapo. Poda iliyokaa kwenye rafu ya nyuzi 28 haikuwa poda hata siku ya kwanza. Ilikuwa ulimbo mzito sana ulioonekana kama poda, ukijimimina polepole siku baada ya siku. Wekundu wake wa kuvutia siku ile ulitokana kwa kiasi fulani na unyevu wenyewe, kama kitambaa kinavyokoza rangi kikilowa.

Kulikuwa na kosa la pili, dogo kulisema, kubwa kwa madhara. Chupa ya kukusanyia iliachwa chini ya saikloni mpaka ijae, saa tatu au nne. Nikachomeka kipimajoto katikati ya poda: nyuzi 58. Watu walikuwa wakibishana juu ya sekunde chache angani huku mali ikikaa sekunde elfu kumi na zaidi kwenye chupa ya moto, ikiwa juu ya joto lake la kulegea, ikipumua hewa yenye mvuke. Nikiulizwa anthosayanini ilianza kufa wapi, ningeonyesha chupa.

Mapendekezo tuliyoyakataa

Mmoja alitaka asidi ipunguzwe kwa magadi, kwa kuwa asidi ndiyo inayoleta ulimbo. Ni kweli ndiyo inayoleta, ila ukipandisha pH hadi 5 unaivua anthosayanini umbo lake imara na kuiweka kwenye umbo linalovunjika. Unaokoa poda, unapoteza kilichomo.

Mwingine alitaka vitamini C iongezwe "iwalinde". Inasikika vizuri: antioksidanti ilinde antioksidanti. Ila vitamini C na anthosayanini mbele ya oksijeni hawaishi nyumba moja. Vitamini C ikioksidika inatoa peroksidi ya hidrojeni, na peroksidi inaipausha anthosayanini. Zinakufa pamoja.

Kukausha kwa kugandisha kulizungumzwa kwa heshima zaidi, na kunastahili. Barafu inageuka mvuke bila kupitia maji, chini ya shinikizo la paskali 611, na mali haikutani na joto kubwa. Lakini kinachobaki ni sifongo yenye vitundu vingi ambavyo oksijeni inaviingia itakavyo, na joto la kulegea ni lilelile kwa mchanganyiko uleule. Tofali lingekuja tu, kwa gharama kubwa zaidi.

Protini kidogo ya maziwa kwenye mchanganyiko niliipenda zaidi, maana inakimbilia kwenye uso wa tone na kutengeneza ngozi isiyonata. Tukajaribu kwenye bilauri. Protini ikashikana na tanini za rosela, dondoo ikawa na mawingu, na mnunuzi anataka poda inayoyeyuka ikiwa angavu. Tukaiacha.

Tulichofanya

Uwiano ulirudi katikati, maltodekstrini mbili kwa moja. Kwa makadirio yaleyale, poda yenye asilimia 3 ya maji inalegea kwenye nyuzi 69 hivi. Dondoo ikapunguzwa maji kwanza kwenye kifaa cha ombwe, chini ya nyuzi 45, kutoka mango ya asilimia 5 hadi 10, hivyo mchanganyiko wote ukaingia mashineni na asilimia 25 badala ya 10. Maji machache ya kukausha kwa kila kilo ya poda, matone mazito zaidi, ganda linalofunga mapema. Hewa ya kuingilia ikarudi 170, na pampu ikarekebishwa si kwa mazoea bali mpaka joto la kutokea lisimame kati ya 80 na 84. Chupa ikawa inabadilishwa kila dakika 20, inafungwa papo hapo, inapoa ikiwa imefungwa, ndipo inafunguliwa kwenye chumba kikavu kwa ajili ya kupakiwa. Mpangilio huo wa mwisho una maana: ukifungua poda ya moto inavuta unyevu wa hewa, na ukifungua iliyotoka kwenye friza kabla haijazoea joto la chumba, umande unaiangukia.

Ukutani ulibaki utando mwembamba unaofutika kwa brashi kavu. Maji yalikuwa asilimia 3.1.

Kwa vifungashio tulitumia sanduku la plastiki lenye bilauri ya chumvi ya kawaida iliyoyeyushwa hadi ikashindwa kuyeyuka. Maji ya chumvi ya namna hiyo yanashikilia unyevu wa hewa ya sanduku kwenye asilimia 75 hivi, bila umeme wala mashine. Sanduku likawekwa kwenye nyuzi 40 kwa wiki tatu. Kopo angavu la plastiki lilitoa poda yenye mabonge na asilimia 58 ya anthosayanini. Kifuko cha tabaka za alumini kilichozibwa kwa joto kilitoa poda inayomiminika na asilimia 83. Plastiki ya kawaida inazuia maji kwa kiasi fulani. Oksijeni inaipita kama mlango wazi, na mwanga haiuzuii kabisa.

Mnunuzi bado anataka ile ya nusu kwa nusu, na hana kosa. Njia ya kumpa ipo: kuipitisha dondoo kwenye safu ya utomvu wa kunasia, anthosayanini zinang'ang'ania, sukari na asidi za matunda zinasombwa na maji yenye asidi kidogo, kisha anthosayanini zinatolewa kwa ethanoli. Unakuwa umeondoa vilegezaji vyenyewe badala ya kuvizamisha kwenye wanga. Hilo linadai vyombo na usalama wa ethanoli, na halijaanza. Kwa sasa karatasi inayofuatana na mali haitaji tena jumla ya fenoli peke yake. Inataja anthosayanini kwa njia ya pH mbili, kiasi cha maji, na tarehe ya kupimwa.

Tofali niliomba nibaki nalo. Makopo mengine 37 ya awamu ile mtu mmoja alipendekeza yasagwe, yayeyushwe, yakaushwe upya pamoja na maltodekstrini ya kutosha. Tukayeyusha gramu kumi kwenye maji ya pH 1.0 mbele ya wote. Yakatoka maji ya rangi ya kutu. Fundi akayatazama, akachukua kalamu, akachora kwa rula safu mpya daftarini upande wa kulia wa joto la kuingilia, akaandika juu yake: la kutokea.